Kolodioni: picha ambayo programu yangu ilishindwa kuiiga

Najua nimepotea. Wale walioniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika nawajibu kwa pamoja: sijaacha, nilikuwa na vidole vyeusi tu. Si utani. Naitreti ya fedha ikigusa ngozi halafu ukatoka juani, pale ilipogusa panakuwa na doa jeusi na hakuna sabuni ya kulitoa, unangoja mpaka ngozi yenyewe ibambuke. Mkubwa wangu kazini alidhani nimeanza kufanya kazi gereji jioni.

Kwa hivyo leo hakuna habari za Linux. Python ipo kidogo, vumilieni.

Yote yalianza kwa ubishi ofisini. Kijana mmoja tunayefanya kazi pamoja alinionyesha programu kwenye simu yake, unapiga picha ya kawaida halafu yenyewe inaigeuza kuwa kama zile picha za kale, kingo zimechakaa, madoa hapa na pale, uso umekolea giza. "Mzee, bonyeza hapa tu, umefika 1860," akaniambia. Mimi nikasema haiwezekani, hiyo ni rangi tu imepakwa juu. Akauliza ushahidi uko wapi. Sikuwa nao. Ndiyo nikaenda kuutafuta, na kuutafuta kulinichukua miezi saba.

Picha anazoziiga kijana zilikuwa zikipigwa kwa kolodioni. Wenyewe huita njia ya bamba bichi, kwa sababu kila kitu lazima kifanyike kabla bamba halijakauka. Kolodioni ni pamba iliyotiwa asidi kisha ikayeyushwa kwa etha na alkoholi, inakuwa kama gundi nyepesi. Unachanganya chumvi za aiodaidi na bromaidi. Unashika kioo safi kwa vidole vya mkono mmoja, unamwaga kolodioni katikati, unakiinamisha kona hii, kona ile, mpaka kioo chote kimefunikwa, na iliyobaki unairudisha chupani kupitia kona ya nne. Kuandika hivi ni rahisi. Mara kumi na moja za kwanza kolodioni ilinitiririkia hadi kwenye kiwiko.

Halafu gizani (taa nyekundu inaruhusiwa, mimi natumia ile ya nyuma ya baiskeli) unazamisha kioo kwenye maji ya naitreti ya fedha kwa dakika tatu hivi. Kinatoka kikiwa na utando mweupe kama maziwa. Sasa kinaona mwanga. Unakitia kwenye kishikio chake, unakimbilia kwenye kamera, unafungua lenzi, unahesabu sekunde, unafunga, unakimbia tena gizani, unamwagia salfeti ya chuma kwa mkupuo mmoja bila kusita. Kama sekunde 15 hivi picha inajitokeza, unaiosha kwa maji. Kuna waliotumia sayanaidi kuimarisha picha, na hadi leo wapo. Mimi hapana, nina watoto. Natumia haipo, yaani thaiosalfeti ya sodiamu, inachukua muda mrefu zaidi lakini nitakuwepo kuiona picha. Na miwani ya kukinga macho usiivue hata dakika moja, naitreti ya fedha hupofusha.

Una kama dakika kumi kutoka mwanzo hadi mwisho, kukiwa na baridi. Kwenye joto unapungukiwa. Etha huchemka kwenye nyuzi 34.6, hebu fikirieni Mombasa mwezi wa pili. Waliofanya kazi hii kwenye nchi za joto walipunguza etha na kuongeza alkoholi, na bado walihangaika. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyekuwa akisafiri na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha Unguja. Walipoingia bara Speke akaamua kamera irudishwe pwani, kwani joto la ndani ya kihema alimotayarishia Grant mabamba yake lingemwua. Grant akaendelea kwa penseli na rangi za maji. Nilipokuwa nimejifungia stoo, natokwa jasho hadi kwenye miwani, nilimwelewa kabisa.

Vifaa sitavieleza sana. Sanduku la kamera nililitengeneza kwa mbao za plaiwudi, lenzi ni kuukuu, kishikio cha bamba nilichongewa na fundi wa jua kali pale Kamukunji ambaye aliniuliza mara tatu kama ni mtego wa panya. Kemikali ndizo zilizonitesa. Etha imo kwenye orodha ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya dawa za kulevya, kwa hivyo ukiingia dukani na kuiulizia unatazamwa vibaya. Duka moja Nairobi lilinitaka barua, nikapeleka barua, likataka barua ya kueleza ile barua. Miezi miwili kwa nusu lita.

Haya, turudi kwenye ubishi.

Niliandika programu ndogo ya Python, mistari kama arobaini. Nilijua kolodioni haioni rangi kama sisi. Inaona buluu, zambarau na miale ya urujuanimno ambayo macho yetu hayaioni kabisa. Nyekundu kwake ni giza, na ndiyo maana taa ya baiskeli haiharibu kitu. Basi nikachukua picha ya dijitali, nikatupa nyekundu, nikatupa kijani, nikabaki na buluu. Nikapiga vitu vilevile kwa kamera ya simu na kwa bamba. Shuka nyekundu ya Kimaasai: zote mbili zikatoa nyeusi. Bendera ya Kenya: nyekundu, nyeusi na kijani zikakaribiana mpaka ikawa kama nguo nyeusi yenye mistari miwili myeupe. Anga ya buluu ikawa nyeupe tupu. Nikaanza kuogopa kwamba kijana atanishinda.

Kisha nikampiga mwenyewe. Siku hiyo alikuwa amejipaka mafuta ya kukinga jua, yale ambayo ukishajipaka hayaonekani. Kwenye programu yangu alitoka vizuri, kijana mtanashati. Kwenye bamba alitoka kama mtu aliyejipaka masizi usoni, alama za vidole vyake zinaonekana shavuni. Na miwani yake, ambayo ni kioo cheupe kabisa, ikatoka nyeusi kama ya jua. Mafuta yale na miwani ile huzuia urujuanimno, na bamba lilikuwa likitazama urujuanimno.

Hapo ubishi uliisha, angalau kwa upande wangu. Simu ina kichujio mbele ya sensa yake kinachozuia miale hiyo isiingie. Habari ile haikurekodiwa. Ninyi mnaoandika programu mnajua maana yake: huwezi kurudisha data ambayo haikuingia. Unaweza kubahatisha, na siku hizi kubahatisha kumekuwa kwa ustadi mkubwa, lakini ni kubahatisha. Sina ugomvi na watu wanaopenda picha zenye madoa. Ugomvi wangu ni pale programu inapoandika chini ya picha "kolodioni". Ingeandika "mfano wa kolodioni" nisingesema kitu.

Lakini kuna jambo lingine ambalo lilinikalisha kitako mimi kama mtunga programu. Aliyebuni njia hii ni Mwingereza, Frederick Scott Archer. Alichapisha maelezo yake yote katika jarida la The Chemist, Machi 1851, na hakuchukua hataza. Kumbukeni wakati huo mwenzake Henry Fox Talbot alikuwa na hataza ya njia yake ya karatasi tangu 1841, na hata ile ya Daguerre, ambayo serikali ya Ufaransa iliitoa bure kwa dunia 1839, Uingereza ilikuwa imefungwa kwa hataza. Talbot alidai kolodioni nayo iko ndani ya hataza yake. Akampeleka mahakamani mpiga picha mmoja, Martin Laroche, Desemba 1854, na baraza la waamuzi likasema Laroche hana kosa. Baada ya hapo kolodioni ikaenea kila mahali, na ikatawala mpaka mabamba makavu yalipoiondoa miaka ya 1880.

Mimi nimefuata maelezo yaliyotolewa bure zaidi ya miaka 170 iliyopita, na yamefanya kazi, Nairobi, kwa mikono ya mtu ambaye somo la kemia lilimshinda. Programu niliyoiandika mwenyewe 2009 haiwaki tena, maktaba iliyoitegemea ilishakufa, na sikuandika maelezo yoyote. Naona aibu kidogo.

Wapenzi wa programu huria hupenda hadithi kama ya Archer, na huimalizia hapo. Haikuishia hapo. Studio zilipata pesa, yeye alikufa Mei 1857 akiwa maskini na wapiga picha wenzake ikabidi waichangie familia yake. Mchango wa mazishini. Nina marafiki wanaotunza programu huria zinazotumiwa na makampuni makubwa, wanazitunza usiku baada ya kazi, na sioni tofauti kubwa. Kutoa bure ni uamuzi wa mtoaji na nauheshimu. Kula bure miaka sita bila kuuliza mpishi amekula nini, huo ni uamuzi wa wengine.

Nimalizie na safari ya Wundanyi, maana ndiyo iliyokuwa shabaha tangu mwanzo. Nyanya yangu anaishi kule, na picha zake nilizopiga kwa kamera ya dijitali kuanzia 2004 ziliungua zote pamoja na diski, nakala hakuna. (Ndiyo, mimi. Msinicheke.) Baridi ya kule ni rafiki wa etha. Nikageuza stoo ya mahindi kuwa chumba cha giza. Nikaomba moto wa jikoni uzimwe kwa sababu mvuke wa etha hutambaa chini ukitafuta moto, na nyanya hakufurahi, maharagwe yalikuwa hayajaiva.

Bamba la kwanza nilihesabu sekunde nne. Kitambaa chake cheupe kikatoka vizuri sana, uso ukapotea gizani. Akalitazama. "Mjukuu wangu, mbona umepiga kitambaa?"

Sikuwa na la kusema. Ngozi yetu hunyonya urujuanimno, na bamba likaona giza kuliko lililopo. Nimekuwa nikiwafikiria wale waliopigwa karne hiyo na wageni waliokuwa na haraka, wakahesabu sekunde walizozoea kuhesabu kwao, wakaridhika. Nikamhamisha, nikatandika shuka jeupe upande wa ukungu kurudisha mwanga usoni, nikamwomba avue kile kitambaa avae cha kahawia. Sekunde tisa, akakohoa. Bamba la tatu, sekunde nane, "Nyanya, usitikisike, tafadhali," na hakutikisika.

Kwenye haipo utando wa maziwa ukayeyuka na uso ukatokea, mikunjo yote. Nikaweka kitambaa cheusi nyuma ya kioo akaona vizuri. Sasa, kioo kinaangaliwa pande zote mbili, upande mmoja picha imegeuka kama kwenye kioo cha kujitazamia, upande wa pili iko sawasawa. Nyanya alisema ile iliyogeuka ndiyo yeye. Shangazi akasema hapana mama, hii nyingine. Walibishana mpaka maharagwe yakaiva.

Bado halijapakwa vanishi, na bila vanishi fedha itachakaa. Kwa kawaida hutumiwa utomvu wa sandaraki na mafuta ya lavenda. Lavenda nimepata. Msomaji yeyote anayejua pa kupata sandaraki hapa nchini aniandikie, maana bamba limefungwa kwenye leso ndani ya sanduku la nyanya na haruhusu mtu kuligusa.