Achari Hukaa Ikaiva, Juisi ya Vepu Hukaa Tu

Wasee, Desemba nilikuwa Wenje kwa nyanya, kule kando ya mto Tana kati ya Hola na Garsen, maembe yameshika kweli kweli. Maembe chini ya mti, maembe jikoni, hadi mbuzi wameyachoka. Yale mabichi nyanya huyakata akatengeneza achari, kisha anapanga chupa kwenye kabati. Usiku mmoja kijana wa mama mdogo, ana miaka 17 na anasoma Malindi, akanivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, hii imelala siku tano. Imeiva ama bado?"

Mkononi alikuwa na kichupa cha juisi ya vepu. Walikuwa wameichanganya wenyewe na marafiki zake mjini, flava ya embe na vanila, na alikuwa ameificha ndani ya soksi nyuma ya achari za nyanya. Ameambiwa aiache gizani wiki mbili ndiyo ukali upungue.

Swali hilo si lake peke yake. Nimelisikia Mombasa, nimelisikia kwa hosteli Nairobi, na kila mara linaulizwa kana kwamba ni swali la usalama. Msimamo wangu ni huu: kuilaza juisi kunabadilisha ladha, lakini hakuondoi kitu hata kimoja kati ya vile vitakavyokuumiza. Kwa hivyo "imeiva?" si swali la kuuliza.

Wacha niwe wa haki kwanza. Kulaza si uongo mtupu. Juisi ya vepu kwa kawaida ni propilini glikoli, gliserini, flava na nikotini. Gliserini ni nzito, kwa hivyo flava huchukua muda kusambaa. Ndiyo maana wanaochanganya husema za matunda huwa tayari mapema, na zile za kastadi na vanila huchukua wiki kadhaa. Wao hunusa, huonja, hutazama rangi. Ikigeuka kahawia kidogo, wanasema sasa imekubali.

Hapo kwa rangi ndipo watu wanajidanganya. Nikotini ikikutana na hewa na mwanga hubadilika na kuwa nyeusi nyeusi, kama ndizi uliyoimenya ukaisahau mezani. Vanila nayo hutia rangi ikikaa. Rangi inakuambia kuna kitu kimebadilika. Haikuambii kwamba kimekuwa salama.

Linganisha na nyanya. Akiinua chupa ya achari akaitazama kwa jua, anasoma kitu cha kweli. Chumvi imevuta maji kutoka kwa embe, siki na uchachu vimefanya vijidudu vingi vishindwe kuishi, kipande kimelainika. Akiona ukungu, anamwaga bila huruma. Pale muda unafanya kazi ya kulinda mlaji. Kwa juisi ya vepu muda unafanya kazi moja tu, kufanya kitu kinukie vizuri zaidi. Na kitu kinachonukia vizuri utakivuta zaidi.

Sasa tuseme kile ambacho pua yako haiwezi kujua.

Kwanza, nikotini. Kama mlikosea kipimo siku ya kuchanganya, siku 14 gizani hazitarekebisha hesabu. Ladha ikilainika ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ule ukali wa koo ndio ulikuwa unakuonya. Nikotini ikizidi mwilini unapata kichefuchefu, jasho, kizunguzungu, moyo unaenda mbio. Na inapita kwenye ngozi pia. Wavunaji wa tumbaku huugua kwa kushika tu majani yaliyolowa. Sasa fikiria nikotini safi iliyomwagika kwa vidole vya mtoto wa shule anayepima kwa macho.

Pili, flava. Watu huniambia, "Lakini hii ni ile ile ya kuweka kwa keki." Sawa, na keki unaipeleka tumboni. Tumbo lina asidi, kuna ini huko mbele. Mapafu hayana kazi ya kumeng'enya chakula. Kuna kemikali inaitwa diasetili inayotoa ladha ya siagi. Ukiila ni salama, lakini mwaka 2000 iligunduliwa kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha bisi huko Missouri, Marekani, waliokuwa wakivuta mvuke wake kazini, walikuwa wameharibika mapafu kabisa. Mwaka 2015 watafiti wa Harvard walipima bidhaa 51 za vepu zenye flava wakaikuta kwa 39. Hiyo hailali ikaisha.

Tatu, na hii ndiyo ilinishangaza mimi mwenyewe: kukaa kunaweza kuongeza kitu. Mwaka 2018 watafiti wa Yale na Duke walionyesha kwamba baadhi ya flava, vanila ikiwemo, zikichanganywa na propilini glikoli huungana nayo na kutengeneza kemikali mpya ambazo hazikuwa kwenye chupa mwanzoni. Hizo kemikali huwasha njia za hewa. Yaani wakati wewe unangoja juisi "ipoe", ndani ya chupa kuna mambo mengine yanapikwa.

Nne, mafuta. Baadhi ya flava za dukani zina mafuta ndani, na mafuta hayafai kuingia kwa mapafu. Marekani walijifunza kwa uchungu mwaka 2019. Hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa ama kufa kwa majeraha ya mapafu yaliyotokana na vepu, na vifo 68 vilithibitishwa. Lawama kubwa iliangukia mafuta ya vitamini E yaliyokuwa yametiwa hasa kwenye vepu za bangi, nyingi zikiwa zimetoka kwa marafiki na wauzaji wa mtaani. Si juisi ile ile ya binamu yangu, nakubali. Lakini somo ni lile lile: waliovuta hawakuona kitu, hawakunusa kitu.

Najua mtaniambia vepu ni afadhali kuliko sigara, hata Uingereza wanashauri. Ni kweli, huko watu wazima wanaovuta sigara hushauriwa wahamie vepu ili waache. Lakini hizo zina sheria: tangu 2016 nikotini isizidi miligramu 20 kwa mililita, chupa isizidi mililita 10, kifuniko mtoto asiweze kufungua. Na zinalenga mtu ambaye tayari anavuta. Wewe hukuwa unavuta sigara. Unaacha nini? Jirani zetu Uganda walipiga vepu marufuku kabisa kwa sheria ya 2015. Hapa Kenya, sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, lakini hakuna mkaguzi anayeingia chumbani mwenu kuangalia mnachanganya nini.

Usiku ule nilimwambia kijana haya yote, akanisikiliza kwa adabu, akarudisha soksi kwenye kabati. Nilijua sijamshawishi.

Kilichomshawishi ni asubuhi. Kitukuu wa nyanya, wa miaka minne, alipanda kiti akitafuta achari. Akatoka kwa kabati na kichupa mkononi, anakinusa, anacheka. Kinanukia embe. Akauliza, "Hii juisi ya nani?"

Jina lenyewe ndilo tulilompa sisi. Juisi. Kijana alivuka jikoni kwa hatua mbili. Kifuniko kilikuwa bado kimefungwa, namshukuru Mungu, kwa sababu kwa mtoto wa umri huo kiasi kidogo sana cha nikotini kinaweza kuua, na kutoka Wenje hadi hospitali kubwa si mwendo wa dakika kumi.

Kwa hivyo kama uko na chupa imelala mahali, usiniulize imefikisha siku ngapi. Itoe mahali mtoto anaweza kufika, leo. Usiimwage mtoni wala kwa bomba. Sisi tuliifunga vizuri, nikaipeleka kwa mfamasia mjini. Ikikumwagikia, osha kwa sabuni na maji mengi. Mtoto akiinywa, usimlazimishe kutapika, kimbia naye hospitali na ubebe chupa.

Kijana bado hajaacha kuvuta kabisa. Aliniambia ukweli, na mimi napenda hivyo kuliko kunidanganya. Nikotini haimwachi mtu kwa sababu dada amesema. Lakini kuchanganya ameacha, na juzi amenitumia ujumbe kwamba ameongea na muuguzi kuhusu kuacha kabisa.

Nyanya hajui habari ya kichupa hadi leo. Anashangaa tu kwa nini siku hizi kijana anamuuliza achari hutengenezwaje.