LITOWA NI SHULE YA UONGOZI

Ni nadra siku hizi mwezi kupita hapa Songea bila ya kuwapo semina ya uongozi. Viti hupangwa ukumbini, chai huandaliwa, na mkufunzi aliyetoka mbali huwaeleza wakubwa wetu namna ya kuwaendesha watu kazini: jinsi ya kugawa madaraka, jinsi ya kusikiliza, jinsi ya kupima kazi ya kila mmoja. Hatuipingi semina. Mkubwa asiyesoma huongoza kwa kubahatisha, na hasara ya kubahatisha kwake huwaangukia walio chini. Lakini tuliwahi kuhudhuria mojawapo, na katikati ya somo mkufunzi akawauliza wakuu wa ofisi iliyotualika jina la mlinzi aliyetufungulia lango asubuhi ile. Walitazamana. Mzee yule alikuwa amelifungua lango hilo kwa miaka minne.

Twaeleza haya si kwa kuwacheka, kwani huenda hata sisi wa gazeti tungeulizwa tungenyamaza. Twaeleza kwa sababu kuna swali ambalo semina haikuliuliza: mtu ajifunzaye uongozi, anajifunza kwa nani? Makaratasi tuliyogawiwa yalijaa mifano ya viwanda vya Marekani na Japani. Ni mifano mizuri, nasi twaisoma. Walakini Wilaya ya Songea ina mfano wake wenyewe, ambao wageni wameuandikia vitabu huko Ulaya, na sisi wenye mfano hatuutaji.

Mwaka 1960, kabla Tanganyika haijapata Uhuru, kikundi cha vijana wa TANU Youth League, kiongozi wao akiwa Ndugu Ntimbanjayo Millinga, kiliingia Litowa kufyeka pori na kulima shamba la pamoja. Mwanzo wao ulikuwa mgumu, hata chakula kikawapungukia. Waliendelea. Mwaka 1963 vijiji vilivyofuata njia hiyo vilijiunga vikaunda Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kilichojulikana zaidi kwa herufi zake, R.D.A. Alikuwapo pia mshauri Mwingereza, Ralph Ibbott, aliyeletwa na uzoefu wa shamba la ushirika la misheni ya St Faith's, Rhodesia ya Kusini. Miaka sita baadaye vijiji vilikuwa zaidi ya kumi. R.D.A. ilikuwa na mashine ya kusaga nafaka mjini Songea, na kiwanda cha kupasua mbao. Litowa palikuwa na shule ambayo masomo yake yalifungamana na shamba na maisha ya kijiji, miaka kadhaa kabla ya Mwalimu Nyerere kutoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967.

Mashine na mbao tuziache. Jambo linalotupasa kulisoma ni namna watu walivyoongozana. Neno kubwa la kijiji lilikuwa la mkutano wa wanakijiji wote. Mkutano ndio ulioamua walime nini, na mapato yagawanywe vipi. Alikuwapo meneja, mwenye kazi ya kupanga nani aende shamba gani, lakini meneja huyo alishika jembe kama wenzake, akala walichokula, na mkutano uliweza kumwuliza. Mvivu hakupelekwa polisi; jambo lake lilizungumzwa mbele ya watu wanaomjua, na kila mwenye kuujua uso wa jirani yake atakubali kwamba adhabu hiyo si ndogo. Kijiji kipya kilipotaka kuanza, hakikupelekewa waraka. Kilipelekewa watu, wakaishi nacho na kulima nacho, bila nyumba bora wala posho ya kuwatenga na wenyeji.

Msomaji aliyepata kuongoza hata kamati ya shule ajua ugumu wa jambo hilo. Kuamrisha ni rahisi. Kinachochosha ni kukaa na watu arubaini hadi usiku, wewe ukilijua jibu tangu saa ya kwanza, ukangoja walifikie wao. Na pengine wakafikia jibu jingine, nalo likawa bora kuliko lako. Sisi tuliosoma shule za misheni tulilelewa kwa kengele. Ililia, tukasimama, ililia, tukakaa. Kengele ilitufundisha kuheshimu wakati, nasi twaishukuru, ila haikutufundisha kungoja neno la mtu aliye chini yetu. Wengi wetu tulitoka kule moja kwa moja tukaingia maofisini, tukawa kengele sisi wenyewe.

Sasa twafika mahali pazito, na gazeti la Chama halina haki ya kupazunguka. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kwamba vijiji vya ujamaa vyote viwe chini ya Chama, na R.D.A. ikavunjwa. Mali yake ilichukuliwa, walimu wa Litowa wakatawanywa, na familia ya Ibbott ikaondoka nchini. Mwalimu Nyerere alikuwa amekitembelea kijiji hicho na kukisifu, hata hivyo kikao kiliamua hivyo.

Haki yataka tuseme hoja ya upande wa pili. Nchi ilikuwa changa, Chama kilikuwa kimoja, na hapa palikuwa na shirika lenye fedha zake, marafiki wake ng'ambo, na sauti iliyofika Ikulu bila kupitia ofisi ya mkoa. Kiongozi yeyote wa mkoa angeona amerukwa. Isitoshe, aliyekabidhiwa mkoa siku zile alirithi kiti cha bwana Mwingereza pamoja na desturi ya kiti hicho, ambayo ni amri kushuka na taarifa kupanda. Kijiji kinachosema, "Tumekaa, tumefikiri, hatutaki," kilionekana kuwa kijiji kaidi. Hatudhani kwamba wakubwa wale walikuwa na roho mbaya. Twadhani hawakuwa wamefundishwa kusikia neno hatutaki na bado wakabaki viongozi.

Gharama yake ilionekana upesi. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu. Kile ambacho Litowa walikijenga kwa mikutano, sasa kilitakiwa kwa amri na tarehe. Vijiji vilipatikana kweli, lakini shamba la pamoja katika vingi vyake lilikuwa magugu. Na ajabu ni kwamba Chama chenyewe kilikuwa kimekwisha kuuona ugonjwa huo: Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi majivuno, ubezi na uonevu, na wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliushika wakawasimamia mameneja wao. Basi karatasi haikukosekana.

Leo shule zipo. Mzumbe wanafundisha utawala, Kivukoni pamekuwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na mwaka 2022 ilifunguliwa Kibaha Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyojengwa na vyama 6 vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, CCM kikiwa kimojawapo. Twaomba Litowa ifundishwe huko waziwazi, pamoja na uamuzi wa 1969, si kwa kuwatafuta wa kuwalaumu, bali wanafunzi wapewe kiti cha meneja, kisha kiti cha mwanakijiji, kisha kile cha mkuu wa mkoa, na kila mara waulizwe, ungefanyaje?

Na hapa nyumbani tusingoje Kibaha. Vyama vyetu vya msingi vya wakulima vina mikutano mikuu. Ndugu katibu, unapomsomea mkulima hesabu za mauzo ya ufuta wake, humsomea taratibu kiasi cha kumwezesha kuuliza? Akiuliza, humjibu, au hutazama saa? Ndugu mkuu wa idara, mara ya mwisho mfanyakazi wa chini alipokukatalia jambo mbele ya wenzake naye akabaki na kazi yake, ilikuwa lini?

Waliokuwa watoto wa shule pale Litowa katikati ya miaka ya sitini leo ni wazee waliopita miaka sitini, na wengine sabini. Hao wanakumbuka mikutano ya baba na mama zao: nani alisema, nani alikaa kimya, ugomvi ulimalizwaje. Ofisi inayotayarisha semina ijayo yaweza kumwalika mmoja wao, ikampa saa mbili za mkufunzi, na posho ile ile.