Kabla ya kwenda Pirates, uliza maji yanajaa saa ngapi

Likizo ikifika, treni kutoka Nairobi hushusha familia nzima nzima pale Miritini, na watoto huwa na swali moja tu: bahari iko wapi? Mzazi naye ameshapanga. Asubuhi walale, mchana wale, saa tisa jua likipoa waende kuogelea katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule tunaouita Pirates. Mpango mzuri, ila haujaiuliza bahari.

Maji ya Mombasa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo huja bamvua. Siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, kisha hujaa sana mnamo saa kumi jioni, na tofauti ya kina inaweza kupita mita 3. Yaani ule mchanga wa mbali ambao mwanao aliukimbilia asubuhi akiokota makombe, jioni uko chini ya maji yanayomfunika babake. Na saa kumi ndiyo saa ambayo ufuo umefurika watu. Wiki inayofuata, maji yakiwa mafu, tofauti hupungua na saa hubadilika, kwa hivyo usitegemee ulichokiona safari iliyopita. Muulize mvuvi au nahodha yeyote wa mashua pale ufuoni, atakwambia bila kuangalia saa. Ratiba za maji zipo pia kwenye simu.

Kwa watoto wadogo mimi napendelea maji yaliyopwa. Hubaki vidimbwi vyenye samaki wadogo na kaa, na mtoto hushinda humo akiwa na furaha tele. Mvike ndara zinazofungwa nyuma, maana kwenye mawe kuna viumbe vya miiba mirefu myeusi ambavyo huchoma vibaya. Maji yakianza kurudi, nanyi rudini hapo hapo. Hayaji kwa mstari mmoja kutoka mbele: hupitia kwanza kwenye mabonde ya mchanga, na mtu aliyesimama kwenye kilima cha mchanga anaweza kujikuta amezungukwa na maji.

Halafu kuna zile tyubu za tairi za kukodisha. Mtoto huzifurahia, lakini si jaketi okozi. Wimbi moja humtoa, mkondo ukaichukua tyubu. Wazazi wengi pia hudhani mtoto anayezama atapiga kelele. Mara nyingi hapigi. Kinywa kimo majini, pumzi hana, mikono haiinuki kupunga, na yote huisha kwa muda mfupi kuliko wa kupiga picha na kuituma kwa shangazi. Mkiwa watu wazima wanne, gaweni zamu: mmoja awatazame watoto, simu ikiwa mfukoni, kisha amkabidhi mwenzake kwa kumtaja jina. Watu wazima wanne bila zamu ni sawa na hakuna.

Ikiwa maji siku hiyo yanajaa saa isiyofaa, mji una mengine. Fort Jesus iendeeni asubuhi mapema kabla kuta hazijashika moto. Wareno waliianza 1593, na Waomani waliizingira kwa takriban miezi 33, kuanzia 1696 hadi 1698. Mpe mtoto swali la kutembea nalo: waliojifungia humu walikula nini? Ataangalia kisima na mizinga kwa jicho jingine.

Saa za jua kali nendeni Haller Park, Bamburi, kwenye kivuli. Palikuwa machimbo ya kampuni ya saruji, jangwa la mawe matupu, hadi 1971 René Haller alipoanza kupanda miti. Mivinje ilishika, lakini majani yake yalianguka bila kuoza. Jongoo ndio walioyala na kutengeneza udongo. Watoto wanaokanyaga jongoo nyumbani huitazama hadithi hiyo kwa mshangao. Waeleze pia habari za Owen, kiboko mchanga aliyebaki peke yake baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo na kumng'ang'ania kobe mkubwa aitwaye Mzee kana kwamba ndiye mamake.

Jioni yenyewe msiilipie sana. Feri ya Likoni ni bure kwa anayetembea kwa miguu, na kwa mtoto wa bara huo ni utalii kamili. Mshike mkono tu, maana umati hausubiri. Mkirudi, ketini Mama Ngina chini ya mibuyu, mnunue mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, mhesabu meli zinazoingia Kilindini.