Wazazi, taa si kompyuta

Ndugu wazazi wa Gitega na Muyinga, vijana kujiundia kompyuta ya gemu hatukatai. Tunachokataa ni pesa kumwagwa kwenye kasha la kioo na feni za rangi rangi, huku pawasaplai ikinunuliwa ya bei ya chini kabisa, haina hata jina! Umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo. Pawasaplai mbovu ikiungua huweza kuondoka na madabodi. Hiyo ndiyo israfu. Prosesa kama Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 ina michoro ndani yake, kadi ingoje. Wekeni RAM mbili za GB 8, si moja ya 16, kwani michoro hiyo hukopa kwenye RAM. Kijana akinuna, mpigieni hesabu ya zile taa kwa kilo za mchele.