Vidole vya nani, kibodi ya nani?

Najua nimepotea, lawama pelekeni kwa TP, maana wiki hizi nimechora zana za kufundishia mpaka naota ramani. Ila leo nina dukuduku.

Mimi na mwenzangu wa chumbani tumebishana tangu jana usiku. Yeye anasema njia za mkato za programu ya picha hazichezewi, unajifunza zilivyokuja, basi. Ukibadilisha umejidekeza. Mimi nasema hapana, na sababu ninayo.

Natumia GIMP. Ni ya bure, na walioianzisha mwaka 1995 ni wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Wanafunzi kama sisi jamani (sijui kama nao walikuwa wanasubiri boom). Tatizo ni kwamba vidole vyangu vilijifunzia Photoshop. Kule Ctrl na D inaondoa uteuzi, ile mistari inayotembeatembea kama siafu. Huku GIMP, Ctrl na D inatoa nakala ya picha nzima! Usiku mmoja ramani yangu ya Bonde la Ufa ilizaa watoto saba. Nikafanya kazi kwenye mtoto mmoja, nikahifadhi mama, nikafunga wote bila kusoma onyo. Saa tatu za kazi, kwishney. Nililala na hasira.

Kesho yake nikaingia menyu ya Edit, nikafungua Keyboard Shortcuts, nikahamisha. Dakika mbili tu. Unachagua kitendo, unabonyeza kitufe unachotaka, na kama kina mwenyewe programu inakuuliza kwanza kabla ya kumnyang'anya.

Haya, hiyo ni shida yangu ya mazoea, mtu anaweza kusema nijirekebishe. Sawa. Sasa kuna ndugu yetu mmoja hapa kozini, mkono wake wa kulia hauna nguvu tangu utotoni. Mausi anashika kwa kushoto. Kuondoa uteuzi kwenye GIMP ni Ctrl, Shift na A kwa pamoja. Huyu aachie mausi, atandaze vidole, abonyeze vitatu, arudi kwenye mausi, na hiyo ni mara mia kwa kazi moja. Tulikaa naye Jumapili tukaweka kuondoa uteuzi kwenye F6, kubadili ukubwa wa picha F7. Kitufe kimoja kimoja. Jumatatu chati yake ya moyo wa binadamu ilikuwa imeisha, mimi yangu bado. Mtu huyu naye anajidekeza? Mwenzangu alipofikishwa hapo alinyamaza, akaanza kutafuta sabuni.

Lakini nisimnyime haki yake. Kwenye kompyuta za wote yuko sahihi kabisa. Juzi nimekaa kwenye mashine fulani, nabonyeza P nipate brashi, inakuja kitu kingine, kumbe aliyetangulia kapanga anavyotaka yeye akaondoka. Daladala ni ya wote bwana, huhamishi viti ukishuka! Kama huna akaunti yako kwenye mashine hiyo, usiguse. Ukiwa na kompyuta yako, badilisha, halafu beba faili lako kwenye flashi: kwenye GIMP 2 linaitwa menurc, kuanzia 3.0 iliyotoka mwaka 2025 ni shortcutsrc. Na Ctrl na Z ziacheni hapo hapo, nawaomba.

Nikienda darasani nitafundisha menyu kwanza, vitufe baadaye, ili mtoto ajue kitu kinakaa wapi hata akihamia mashine ya jirani. Atakayetaka kuvipanga upya nitakaa naye.

Naishia hapa, mwenye chaja kaamka anaidai. Ramani bado haina rangi ziwani.