Sindano ya jicho yaepusha kisu, lakini safari ya Kampala yabaki

Kwa mgonjwa wa kisukari anayeanza kuona ukungu, kutibiwa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa sindano badala ya upasuaji ni faraja. Jicho hutiwa ganzi, kisha dawa hudungwa kwa muda mfupi.

Dawa nafuu zaidi ni bevacizumab, iliyobuniwa kutibu saratani. Huzuia mishipa dhaifu ya damu kuvuja. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2011, kwa wagonjwa wa retina iliyochakaa kwa uzee, lilionyesha kuwa hailemewi na ranibizumab, iliyo ghali mno. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu.

Hata hivyo, unafuu huo una masharti. Chupa ya mililita 4 hugawiwa wagonjwa wengi, kila jicho likipata mililita 0.05, usafi ukikosekana, vijidudu vyaweza kulipofusha. Retina iliyobanduka nayo bado huhitaji upasuaji.

Zaidi ya yote, sindano hurudiwa, mwanzoni kila mwezi. Madaktari bingwa wa retina nchini Uganda ni wachache, na wengi wako Kampala. Kwa mkazi wa Arua, takriban kilomita 500 kutoka huko, nauli na siku za kazi zinazopotea ni sehemu ya bei ya dawa. Anayeshindwa kurudi hupoteza nuru aliyokwisha kuilipia.

Kwa hiyo, huduma hiyo isiposogezwa mikoani, unafuu wa dawa utabaki wa wakazi wa mji mkuu.