Walilipia Meli, Wakalipia na Makombora!

Vijana wenzangu, ninyi mnaokunywa kahawa Jaws Corner na ninyi mnaoshinda Darajani mkingoja kazi isiyokuja, leo tuzungumze meli. Si meli za kwenye sinema. Nasema ile iliyozama mbele ya Forodhani, ambayo mababu zetu waliiona milingoti yake ikitokeza majini kwa miaka 16.

Meli hiyo ikiitwa Glasgow. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja merikebu za Sultani Barghash bin Said. Mwaka uliofuata manowari ya Kiingereza yenye jina hilo hilo ilitia nanga hapa, Seyyid akaitazama na ikamkaa moyoni. Akaagiza ya kwake, mfano wa ile ile. Iliundwa na kampuni ya William Denny na Ndugu zake, Dumbarton, kwenye mto Clyde kule Scotland, ikamalizika 1878. Bei yake pauni 32,735. Ilikuwa ya tani 1,416, na ikapambwa kama kasri. Silaha zake ni mizinga saba midogo na bombomu moja aina ya Gatling, zawadi ya Malkia Victoria.

Pesa zilitoka wapi? Kwenye ushuru wa forodha na karafuu. Yaani jasho la mchukuzi wa bandarini na la mtumwa wa shambani. Je, kuna yeyote kati yao aliyeulizwa? Thubutu!

Tumpe Barghash haki yake. Ndiye aliyeleta maji ya mfereji mjini kutoka chemchemi ya upande wa Bububu. Mfereji ule uliwakata watu kiu. Lakini Glasgow haikumfurahisha hata mwenyewe aliyeinunua, ikabaki kutia nanga bandarini miaka nenda miaka rudi. Pambo la baraza!

Siku ya kazi ikafika. Agosti 25, 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia kasri bila ya ruhusa ya Waingereza. Wakampa hadi saa tatu asubuhi ya Agosti 27 awe ametoka. Hakutoka. Manowari tano zilikuwa zimejipanga bandarini, na ya Admirali Rawson, St George, peke yake ilipita tani 7,000. Glasgow ikaifyatulia St George vizinga vyake, pamoja na ile zawadi ya Malkia. Ilijibiwa mara moja ikatobolewa, mabaharia wake wakapandisha bendera ya Kiingereza kusalimu amri, nayo ikakaa chini. Vita vyote havikutimia saa nzima. Upande wetu watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wao alijeruhiwa baharia mmoja.

Na hapo ndipo penye uchungu, ndugu msomaji. Baada ya vita, waliomuunga mkono Khalid walitozwa fidia ya rupia 300,000, pamoja na gharama ya makombora yaliyowapiga! Meli walilipia, na makombora wakalipia. Glasgow yenyewe ilivunjwavunjwa 1912, ikauzwa na kutupwa.

Sasa tazama kwa wenzetu. Si mbali na Dumbarton, maji yale yale ya Clyde yanapoelekea baharini, ipo kambi ya Faslane. Hapo ndipo kwenye nyambizi nne za Waingereza zinazobeba makombora ya nyuklia. Tangu 1969 hawajakosa hata siku moja kuwa na nyambizi ya namna hiyo baharini. Mimi sizisifu silaha zile, ni balaa kwa binadamu. Lakini ilipofika zamu ya kuunda mpya, Julai 18, 2016 bunge lao lilijadili hadharani na kupiga kura, 472 dhidi ya 117. Na wasiozitaka walipiga kambi nje ya geti tangu 1982. Anayelipa anauliza, na anayetumia anajibu. Huo ndio ustaarabu ninaoutaka, si nyambizi.

Sisi tumeuliza nini? Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 MV Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikienda Pemba. Ilikuwa imeundwa Ugiriki 1967, na ilishindiliwa watu kupita kiasi. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na mamia hawakuonekana tena. Hata mwaka haujatimia, Julai 18, 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Hiyo iliundwa Marekani kwa ajili ya maji ya ndani, si kwa kusi ya mkondo wetu.

Glasgow ilikosa kazi, hizi zikazidishiwa kazi. Ugonjwa ni mmoja: mwenye roho na mwenye pesa hakuulizwa, naye hakuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Basi kijana, siku ukienda gatini Malindi kumsindikiza mama anayekwenda Wete au Mkoani, usiishie kubeba mizigo. Uliza boti inaruhusiwa watu wangapi na wamekatiwa tiketi wangapi. Uliza ina umri gani na mara ya mwisho ilikaguliwa lini. Uliza majaketi ya kuokolea yako wapi. Na serikali ikinunua meli, hata ikija na matarumbeta na riboni, uliza bei yake, kazi yake na atakayeitengeneza ikiharibika. Wakikwambia hayo si yako, waambie ni yako, kwani uliilipia. Ukinyamaza, utalipia tena.